Injini ya Mvuke Itokayo Kibandani

Katika miji mingi ya Uingereza, nyuma ya nyumba za watu wa kawaida, huonekana vibanda vidogo vya mbao ambavyo mpita njia angedhani ni vya kuwekea majembe au baiskeli. Baadhi ya vibanda hivyo ni karakana. Mwenye nyumba huenda akawa karani wa benki, au mwalimu, au daktari, au dereva wa gari moshi aliyestaafu. Akiisha kula chakula cha jioni huvaa aproni kuukuu, huwasha taa, na kukaa humo mpaka usiku mwingi akikata chuma. Hatengenezi kitu cha kuuza. Anatengeneza injini ya mvuke, ya kimo cha shubiri moja tu, nayo si sanamu ya kutazamwa: ina silinda, pistoni, valvu na gurudumu zito, na ikipewa mvuke hukimbia kama zilivyokimbia mama zake wakubwa waliokuwa wakizungusha viwanda vya nguo na kuvuta maji migodini.

Pengine msomaji atauliza, Je, mtu mzima mwenye akili zake apoteze miezi minane, au hata miaka miwili, kwa kitu kisichoweza kusaga kibaba kimoja cha mahindi? Swali ni la haki, nami nitalirudia. Lakini kwanza na tuitazame kazi yenyewe, maana watu wengi huhukumu kazi ya mikono kabla hawajaona inavyofanywa.

Desturi hii si ya jana. Mwezi wa Januari mwaka 1898 Bw. Percival Marshall alianzisha jijini London gazeti liitwalo The Model Engineer, kwa ajili ya watu waliopenda kutengeneza mitambo midogo nyumbani kwao, na mwaka huo huo wasomaji wake wakaunda chama. Gazeti hilo limepita miaka 120 likichapishwa. Ndani yake wenye kazi hii walichorewa michoro, wakaelezwa hatua kwa hatua, na, kama ilivyo katika kila gazeti lenye wasomaji hai, wakapigana kwa barua. Baadaye kidogo nitaeleza vita vimoja vya barua hizo, kwa kuwa vilihusu jambo la kweli.

KEREZO

Chombo kikuu katika karakana hizi ni kerezo. Wasomaji wa pwani wanalijua neno hili, kwa kuwa mafundi wa Lamu na Siyu tangu zamani walikereza miguu ya vitanda kwa kerezo la kuvutwa kwa kamba. Kanuni ni ile ile: kitu huzungushwa, na kisu hukikata kikiwa kinazunguka. Ila katika kerezo la chuma kisu hakishikwi kwa mkono, bali hufungwa juu ya kiti chake, na kiti hicho husogezwa kwa hesi iliyochorwa namba, hata fundi aweza kukisogeza mbele kwa sehemu moja ya inchi iliyogawanywa mara 1,000. Sehemu hiyo mafundi huiita thau. Unywele wa kichwa cha mtu mara nyingi huwa na unene wa thau 2 hadi 4; basi msomaji na ang'oe mmoja autazame, ndipo atakapojua twasema habari ya udogo gani.

Zamani makerezo ya nyumbani yalizungushwa kwa mguu, kama cherehani. Mtu alikanyaga saa mbili au tatu baada ya kazi ya mchana, mguu mmoja ukichoka akabadili. Baadaye yakaja ya umeme. Mwaka 1946, mara tu baada ya Vita Kuu ya Pili, kampuni ya Myford ya Beeston, karibu na Nottingham, ilitoa kerezo lililoitwa ML7, ambalo liliingia katika vibanda vingi hata jina la Myford likawa kama jina la kazi yenyewe. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2011, lakini makerezo yake ya miaka ya 1950 yangali yakikata chuma, na mwenye nalo halitoi upesi.

Pamoja na kerezo fundi anahitaji jiriwa la kubania, tupa za namna nyingi, kekee ya kutobolea, vyombo vya kukatia hesi, na maikromita, ambayo ni chombo cha kupimia thau. Vitu vingine vyote aweza kuazima au kujitengenezea, na wengi hujivunia vyombo walivyojitengenezea kuliko injini zenyewe.

SANDUKU LA VIPANDE

Injini ambayo wanafunzi wengi wa kazi hii wameanza nayo ni ile iitwayo Stuart 10V. Jina lake latoka kwa Bw. Stuart Turner, ambaye kampuni yake, iliyokaa Henley-on-Thames, ilianza mwanzoni mwa karne ya 20 kuuza vipande vya injini ndogo vilivyosubiwa lakini havijakatwa. Vipande vya jina hilo vingali vikiuzwa. Tundu la silinda yake lina upana wa robo tatu ya inchi, na mwendo wa pistoni ni robo tatu ya inchi vile vile. Gurudumu lake zito lina upana wa inchi 3. Imesimama wima, silinda juu, mhimili chini.

Mtu akifungua sanduku hilo mara ya kwanza hukata tamaa. Vipande vimekaa kama mihogo iliyotoka shambani: vya kijivu, vina mikwaruzo, vina matuta mahali vipande viwili vya kalibu vilipokutana. Hakuna uso ulionyooka, hakuna tundu lililo mviringo kamili. Kipo kipande cha silinda, na kipande cha nguzo ya kuibebea, na sahani ya chini, na gurudumu, na vipande vidogo vya shaba, na vyuma virefu vya mhimili na fito. Pamoja navyo upo mchoro. Injini imo mle ndani, lakini kila mahali imefunikwa na chuma kisichotakiwa, na kazi ni kukiondoa hicho tu bila kugusa kinachotakiwa.

Sisi tunaofanya kazi ya ofisini tunajua kwamba barua ikikosewa hupigwa taipu tena, na kopi ya kwanza hutupwa kapuni. Chuma hakina karatasi ya pili. Silinda iliyokatwa kupita kiasi kwa thau 20 haikubali kurudishiwa zile thau, na hapo mtu hana budi kununua kipande kingine kwa fedha na kukingoja kwa posta. Kwa sababu hiyo kazi ya kwanza ya fundi mwema ni kutokata kitu chochote. Huketi na mchoro na rula jioni nzima, akipima kila kipande, apate kujua kama chuma kinatosha pande zote. Huenda tundu la silinda lilikaa upande kidogo wakati wa kusubu. Basi hukata kigingi cha mti, akakipigilia katika tundu hilo, akatia alama ya katikati juu ya mti kwa kupima kutoka nje. Alama hiyo ndiyo atakayoifuata, wala si tundu.

SILINDA

Kisha kipande hufungwa kerezoni katika sahani yenye taya nne, ambazo kila moja husogea peke yake. Fundi huzungusha kwa mkono, akitazama kama alama ya katikati inatulia au inayumba, akilegeza taya hii na kukaza ile, mpaka alama imesimama kimya huku kipande chote kikizunguka. Jambo hili peke yake laweza kuchukua nusu saa. Mwenye haraka huona kwamba dakika kumi zatosha.

Chuma cha kusubu kina ngozi. Pale kilipogusana na mchanga wa kalibu kilipoa upesi, na punje za mchanga zikanata juu yake, hata ngozi hiyo ikawa ngumu ya kuharibu makali ya kisu. Mwanafunzi mwenye hofu hukata kidogo kidogo akidhani huo ndio usalama, kumbe kisu chake kinasugua ngozi tu na kuwa butu. Fundi hukata kwa kina tangu mara ya kwanza, akapita chini ya ngozi, ambako chuma ni laini na hutoka kama unga mweusi. Unga huo huingia mikononi, puani na katika nguo, na wake za mafundi hawa wamesema mengi juu yake ambayo gazeti la The Model Engineer halikuyachapisha yote.

Tundu hutanuliwa kwa kisu kirefu chembamba kinachoingia ndani. Kisu cha namna hiyo, hata kikiwa cha chuma cha pua, hupinda kidogo kinaposukumwa na kazi. Kwa hiyo akifika karibu na kipimo, fundi hupitisha kisu tena mara mbili au tatu pasipo kukisogeza mbele hata kidogo. Nacho, ajabu, huendelea kutoa unga, kwa kuwa kinanyooka polepole na kukata kile kilichokiacha nyuma. Kinapoacha kutoa unga, tundu limenyooka.

Halafu huja jambo ambalo kwa maoni yangu ndilo kiini cha kazi yote. Kabla hajafungua taya, akiwa hajagusa kipande, fundi hukata pia uso wa mwisho wa silinda. Kwa kuwa tundu na uso vimekatwa katika mfungo mmoja, hapana budi viwe mraba, kimoja kwa kingine, hata kama kerezo ni kuukuu na macho ya mwenye kazi ni dhaifu. Lau angalifungua na kufunga tena, angalikuwa anategemea bahati. Nguzo ibebayo silinda nayo hukatwa hivyo hivyo: tundu ambamo kichwa cha ufito wa pistoni huteleza, na uso ambao silinda hukaa juu yake, vyote kwa mfungo mmoja. Siku silinda inapowekwa juu ya nguzo, matundu mawili yaliyokatwa siku mbalimbali hujikuta katika mstari mmoja. Yasipokuwa hivyo ufito utapanda umeinama, utabana juu na kulegea chini, na hakuna mafuta yatakayoponya ugonjwa huo.

Pistoni nayo ina hila yake. Haikatwi mpaka kipimo cha mwisho ikiwa peke yake. Kwanza huachwa kubwa kidogo, huskrubiwa juu ya ufito wake, kisha ufito ndio unaoshikwa na kerezo na pistoni ikakatwa ikiwa mahali pake pa kudumu. Hivyo haiwezi kukaa upande. Mfereji hukatwa kuizunguka, na ndani yake hutiwa uzi uliopakwa risasi nyeusi ya kalamu, kama walivyofanya wazee, au pete ya mpira kama wafanyavyo wengi siku hizi, mvuke usipenye.

MILANGO YA MVUKE

Hatari kubwa iko ubavuni mwa silinda. Hapo pana uso bapa wenye milango mitatu myembamba. Mlango wa juu hupeleka mvuke juu ya pistoni, wa chini hupeleka chini yake, na wa katikati hutoa mvuke uliokwisha kazi. Kutoka mwisho wa silinda mpaka kila mlango wa pembeni lazima itobolewe njia, kwa kekee nyembamba kama njiti ya kiberiti, ikiinama ndani ya unene wa ukuta. Upande mmoja wa njia hiyo ni tundu la silinda lililokwisha kukatwa vizuri. Upande wa pili ni nje. Kekee ikipotoka kidogo itatokea ndani ya silinda. Ikikazwa kwa nguvu itavunjika, na kipande kilichovunjika kitabaki mle, kigumu kuliko chuma kinachokizunguka. Wiki tatu za kazi zaweza kuharibika kwa dakika moja. Wazee wa kazi hii hushauri mtu asitoboe njia hizo usiku akiwa amechoka, hata akiona amebakiwa na moja tu.

Juu ya milango hukaa valvu. Ni kama kibakuli kidogo cha shaba kilichofudikizwa, kikiteleza juu na chini ndani ya sanduku lililojaa mvuke. Kikienda chini hufunua mlango wa juu, mvuke ukaingia na kusukuma pistoni chini. Wakati huo huo uvungu wake huunganisha mlango wa chini na ule wa katikati, mvuke wa zamani ukatoka. Kikienda juu mambo hugeuka. Mvuke wenyewe hukigandamiza kibakuli juu ya uso, kwa hiyo uso huo lazima uwe bapa kweli kweli. Fundi huusugua juu ya kioo kinene cha dirisha kilichopakwa unga wa kusagia na mafuta, akizungusha mkono kwa umbo la namba 8, mpaka rangi ya uso wote iwe moja.

Anayekisogeza kibakuli ni mhimili wenyewe, kwa gurudumu dogo lililotobolewa kando ya kitovu chake, hata likizunguka huyumba kama mlevi. Mayumbo hayo ndiyo yanayovuta na kusukuma. Gurudumu hilo halifungwi mahali popote. Lazima litangulie kiwiko cha mhimili kwa robo ya mzunguko na zaidi kidogo, mvuke uwe mlangoni kabla pistoni haijaanza safari yake. Likikazwa vizuri injini hukimbia kwa sauti laini. Likikosea kidogo huchechemea. Likikosea zaidi haitembei kabisa, ingawa kila kipande kimekatwa kwa usahihi. Mtu aweza kutumia jioni nzima akilegeza skrubu moja ndogo na kuikaza tena.

Kwa kawaida injini hujaribiwa kwanza kwa upepo wa bomba, si kwa mvuke. Ni ngumu mwanzoni, kila kitu kikiwa kipya. Fundi huipaka mafuta, huzungusha gurudumu kwa kidole, huipa upepo kidogo, nayo hupiga mara mbili na kusimama, hupiga mara tano na kusimama, kisha ghafula haisimami. Wengi waliopita hapo wameandika kwamba waliita jamaa zao waje kuona, na jamaa walitazama kwa adabu wakarudi jikoni.

Ikija zamu ya mvuke, kuna onyo. Silinda baridi hugeuza mvuke wa kwanza kuwa maji, na maji hayabanwi. Maji yakijaa kati ya pistoni na kifuniko, pistoni inayokuja kwa nguvu aidha itavunja kifuniko au itapinda ufito. Kwa hiyo injini hupashwa moto polepole, matundu ya kutolea maji yakiwa wazi, gurudumu likizungushwa kwa mkono.

BOILA

Mpaka hapa hasara kubwa iliyoweza kutokea ni ya chuma na fedha. Penye boila hasara yaweza kuwa ya macho na ngozi za watu, na hapa kazi hii huacha kuwa mchezo.

Maji katika sufuria wazi huchemka kwa digrii 100 za Sentigredi. Katika boila iliyofungwa, yenye nguvu ya ratli 80 kwa kila inchi ya mraba, hayachemki mpaka yafikie digrii 162 hivi. Boila hiyo ikipasuka ghafula, maji yaliyo na joto zaidi ya 100 hayawezi kubaki maji. Sehemu yake hugeuka mvuke mara moja, na maji yakigeuka mvuke katika hewa ya kawaida hutaka nafasi mara 1,600 na zaidi. Kipimo cha debe moja cha maji hayo, wala si mengi, kingebomoa kibanda.

Basi boila ndogo hutengenezwa kwa shaba nyekundu, ambayo haili kutu kama chuma. Bamba la shaba huchomwa mpaka liwe jekundu, likatumbukizwa majini, nalo badala ya kuwa gumu kama chuma cha pua huwa laini kama ngozi iliyokandwa. Hupigwa kwa nyundo ya mti juu ya kigogo chenye umbo linalotakiwa. Baada ya mapigo mengi shaba hurudia ugumu, na mlio wake hubadilika. Fundi husikia, akairudisha motoni.

Maungo hayaungwi kwa lehemu ya kawaida ya risasi na bati. Lehemu hiyo huanza kuyeyuka kwenye digrii 183, nazo ziko karibu mno na zile 162, na maji yakipungua ndani ya boila, moto utaifikia. Hutumiwa lehemu ya fedha, inayotaka digrii zaidi ya 600. Kipande chote lazima kiwe chekundu ndipo lehemu ikimbie kwenye ufa, na haikimbii kama shaba ni chafu. Zamani lehemu nyingi za fedha zilichanganywa na kadimiamu, madini ambayo moshi wake ni sumu ya mapafu. Huko Ulaya zilipigwa marufuku mwaka 2011. Kisha boila huogeshwa katika maji yenye asidi ili kuondoa magamba. Asidi humiminwa ndani ya maji, si maji ndani ya asidi, maana anayekosea mpangilio huo hurukiwa usoni.

Haijakubaliwa bado. Boila mpya hujazwa maji baridi mpaka pasibaki hewa, na kwa bomba la mkono husukumwa hadi mara mbili ya nguvu itakayofanya kazi nayo. Boila ya ratli 80 husukumwa mpaka 160. Hutumiwa maji kwa sababu, kama nilivyosema, hayabanwi: ungo dhaifu ukiachia, hutoka matone tu na nguvu yote hukoma. Lau ingekuwa hewa au mvuke, vipande vingeruka. Katika vyama vya Uingereza mkaguzi wa chama husimama hapo akiitazama saa ya nguvu, na asiye na cheti chake haruhusiwi kuwasha moto mbele ya watu. Wako wanaonung'unika kwamba sheria hizi ni ukiritimba. Mimi ni mtu wa mafaili na mihuri, na huenda nina upendeleo, lakini katika jambo hili naona muhuri ni halali kabisa.

VITA VYA BOILA

Sasa ile habari ya barua. Mwanzoni mwa miaka ya 1920 wauzaji wengi wa injini ndogo za reli walishika kwamba injini ndogo kiasi hicho haiwezi kuchoma makaa kama injini kubwa. Yafaa itumie taa ya spiriti chini ya boila. Aliyewapinga alikuwa mwandishi aliyejiita LBSC, kwa herufi za kampuni ya reli aliyopata kuifanyia kazi. Jina lake ni Lawrence, alifariki mwaka 1967. Yeye alidai kwamba boila yenye tanuri la makaa na mabomba ya kutosha, pamoja na mabomba ya kuukausha mvuke, ingevuta watu wazima hata kwa reli ya upana wa inchi 2½. Mwaka 1924 jambo hili lilijaribiwa jijini London mbele ya watu, naye akaleta injini yake iitwayo Ayesha. Iliwaka makaa na ilivuta watu. Tangu hapo makaa ndiyo yaliyoshinda.

Wauzaji wale hawakuwa wajinga. Maumbile hayakubali kupunguzwa kwa kipimo kimoja. Chukua injini ya reli ya tani 100, uipunguze mara 16, kama ifanywavyo kwa reli ya inchi 3½. Urefu wake umegawanywa kwa 16. Uso wake umegawanywa kwa 256. Ujazo wake na uzito wake umegawanywa kwa 4,096, hata zile tani 100 zikawa ratli 55. Lakini joto hupotea kwa njia ya uso. Kwa kila kiasi cha mvuke, silinda ndogo ina uso mara 16 wa kupoteza joto lake. Mwenye kunakili injini kubwa bila kufikiri atapata injini nzuri ya kabatini inayotema maji. LBSC alilielewa hilo akabadilisha vipimo vya ndani, huku umbo la nje likibaki kama la mama. Aliandika kwa maneno mepesi, kama mtu anayezungumza na jirani juu ya ua, na vijana wengi wasio na mwalimu walijenga injini kwa kumsoma yeye tu.

Hapa ndipo naliona jibu la lile swali la faida. Mtu aliyefika mwisho wa kazi hii amejifunza hesabu, joto, madini na subira, na mtihani wake haukusahihishwa na mwalimu awezaye kupendelea. Injini huzunguka au haizunguki. Siku hizi wako wanaokata vipande kwa mashini zinazoongozwa na kompyuta, na wazee wanasema hiyo si kazi ya mkono. Nami sioni sababu ya ugomvi, kwa kuwa kompyuta nayo hutii mchoro mbaya kama itiivyo mzuri.

Sisi wa Kenya tunayo mama mmoja wa injini hizi karibu. Katika Makumbusho ya Reli ya Nairobi, yaliyofunguliwa mwaka 1971, imo injini namba 5918, iitwayo Mount Gelai. Ni moja ya injini 34 za aina ya Garratt zilizojengwa na Beyer, Peacock huko Manchester mwaka 1955 na 1956 kwa reli ya Afrika Mashariki, zikapewa majina ya milima yetu. Uzito wake ni tani 252, na hazikupata kuwako injini za mvuke zenye nguvu kuzishinda katika reli ya upana wa mita moja. Pistoni ya ile Stuart ndogo, kwa mvuke wa ratli 40, husukumwa kwa nguvu ya ratli 17 na zaidi kidogo, kama mzigo wa mtoto wa shule. Mount Gelai ina silinda nne, kila moja ya upana wa inchi 20½, na mvuke wake ulikuwa ratli 225. Kila pistoni iliweza kusukumwa kwa nguvu ya tani 33.

Anayekwenda Nairobi kwa shughuli zake na apitie pale, asimame ubavuni mwake, atazame ufito wa pistoni unapotoka silindani na kuingia katika kichwa kinachoteleza, kisha mkono mrefu unaokwenda mpaka kwenye kiwiko cha gurudumu. Juu ya silinda ataona nyumba ya valvu. Humo ndani valvu si kibakuli bali ina umbo la mviringo kama pistoni, na kinachoisogeza ni fito nyingi badala ya gurudumu moja linaloyumba. Lakini atambue kwamba ufito ule mnene nao ulikerezwa, na kupimwa kwa thau.